Boriti Mbili za Chumba cha Babu

Likizo ya Agosti nilipofika kwetu Lamu nilimkuta Babu akilala ukumbini. Dari ya chumba chake ilikuwa imeinama, maana maji ya mvua yalikuwa yakivuja kwa muda mrefu, na boriti mbili zilikuwa zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani. Babu akasema, "Nitafutieni boriti mbili tu, nirudi kitandani mwangu." Mimi nilidhani ya kuwa ni kazi ya asubuhi moja.

Pengine wasomaji wa bara hawajui boriti ni nini. Ni gogo la mkoko, mti uotao katika matope ya pwani, mahali ambapo maji ya chumvi hujaa na kupwa kila siku. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti zilizopangwa karibu karibu. Kwa kuwa boriti haizidi sana mita 3, vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba. Huko Ghuba nako kuna majumba ya kale yenye vyumba vya upana kama huo, maana majahazi yaliyokuja huku na kaskazi yalirudi na kusi yamejaa boriti zetu. Hata chokaa yenyewe ilichomwa kwa kuni za mikoko. Basi mtu asemaye ya kuwa Lamu ni mji wa mawe, amesema nusu ya habari.

Ami yangu ni mkata mikoko mwenye leseni. Wakataji huyaita magogo kwa unene wake: fito ndizo nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti, nguzo, na mwisho banaa. Boriti ni ile yenye unene wa sentimita 11.5 hadi 13.5, nayo huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Kila mjenzi, wa hapa na wa Arabuni, alitaka unene huo huo, tena gogo lililonyoka. Nani atakayekwenda kukata lililopinda?

Tulingoja bamvua, tukaingia na mashua katika mkono wa bahari maji yalipojaa. Nilipoona kijani kila upande nilimwambia Ami, "Mbona miti ni tele!" Hakunijibu. Tulishuka, tukazama matopeni hadi magotini, tukazunguka tangu maji yalipoanza kupwa. Tuliona miti iliyopinda, miti yenye matawi chini, na michanga isiyofika hata pau. Hapo ndipo nilipofahamu. Msitu waweza kuwa mzima machoni pa mtu aliye mashuani, na boriti ndani yake ikawa haimo.

Tena kuna jambo ambalo sikulijua, ingawa nilizaliwa kando ya miti hii. Mchu ukikatwa huchipua kisikini. Lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, ukikatwa chini ya majani yake yote hufa. Hurudi kwa mbegu tu. Mbegu yake huota ingali mtini, ikawa kama mkuki mrefu wa kijani, kisha huanguka na kuchoma matope au kuchukuliwa na maji. Kwa hiyo asiyeacha miti mama hana mche, na matope yaliyoachwa wazi hupata joto, chumvi huzidi, na mbegu zipitazo hazikai. Kamba na kaa waliojificha mizizini nao huhama, na mvuvi hulipa deni ambalo hakulikopa.

Serikali imejaribu njia kadha wa kadha. Mwaka 1982 ilikataza kupeleka magogo ya mikoko nchi za nje. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ulisimamishwa nchi nzima, na mikoko ikiwamo. Wakataji wa Lamu waliruhusiwa tena mwaka 2019. Mwaka ule Ami alishinda barazani akitengeneza nyavu za watu. Alikubali ya kuwa miti ilihitaji kupumzika, lakini watoto wake hawakupumzika kula.

Huko Gazi, upande wa Kwale, ambako mikoko ilikatwa sana kwa kuni za viwanda miaka ya 1970, watu walianza kupanda upya mwaka 1991. Tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni hulipwa kwa kuilinda hekta 117, kwa sababu miti na matope yake huhifadhi kaboni ambayo ingechafua hewa. Fedha hizo zimeleta maji na kusaidia shule. Nilipomweleza Ami aliuliza maswali mengi kuliko mwalimu wetu wa jiografia. Lakini mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na sijui ni nani atakayeilipia yote. Tena hewa haishiki dari.

Tulipata boriti moja. Maji yalianza kujaa, ikatubidi kurudi. Mahali pa ile ya pili fundi ameweka nguzo ya mvinje katikati ya chumba, na Babu hujigonga bega kila alfajiri anapoamka kwenda msikitini.