Mbu wa Saa 4 Usiku

Katika bonde la Kilombero, nchini Tanzania, mbu huhesabiwa kwa saa. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara huwakusanya tangu jioni hadi alfajiri, na kila saa ina hesabu yake, kwa sababu nguvu ya chandarua inategemea mbu anauma wakati gani. Anayeuma saa 4 usiku huwakuta wengi bado wako barazani. Anayeuma saa 10 alfajiri huwakuta wamelala.

Taasisi hiyo, iliyotokana na maabara ya Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950, ina kumbukumbu nyingi mno. Tangu 1996 imekuwa ikifuatilia kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Mwaka 2016 mtafiti wake Samson Kiware na wenzake walichapisha muundo wa fomu na hifadhidata unaofaa kwa tafiti za mbu za namna nyingi.

Hifadhidata hupanga taarifa katika safu, na kila safu ina aina yake: namba, maandishi, tarehe au saa. Lakini data nyingi, popote pale, huingia kama maandishi tu, zikitoka kwenye karatasi au faili za Excel. Programu iliyo kwenye seva ikitaka kuzipanga au kutafuta wastani, huiagiza hifadhidata ibadili aina hiyo ndani ya swali lenyewe, kwa amri ya CAST. Isipofanya hivyo, hesabu hupangwa kama maneno ya kamusi, na 10 hutangulia 9.

Hatari huanzia hapo. Chukua mtego ambao usiku mmoja haukutegwa, nafasi yake kwenye fomu ikaachwa wazi. Hifadhidata ya MySQL ikiambiwa ibadili maandishi matupu kuwa namba, hutoa 0 pamoja na onyo ambalo ni rahisi kupitwa. Ile ya PostgreSQL hukataa na kulisimamisha swali. Ukali huo huwakera waandishi wa programu, lakini ndio unaostahili: mtego ambao haukutegwa si sawa na mtego ambao haukunasa mbu, na sifuri ya uongo hushusha wastani wa kijiji kizima.

Saa zina mtihani mkubwa zaidi. Mkusanyaji akiandika 4:00, akimaanisha saa 4 usiku, seva inaweza kuisoma 04:00, yaani saa 10 alfajiri, badala ya 22:00. Hakuna kosa litakalojitokeza, kwani 04:00 ni saa halali kabisa. Mbu aliyeuma watu wakiwa barazani ataandikwa kuwa aliuma watu wakiwa kitandani, na ushauri kuhusu kinga utapotoka. CAST hukagua umbo la data. Maana yake haiijui. Ndiyo maana fomu inapaswa kudai usiku, alfajiri au mchana kando ya saa, na programu iandikiwe waziwazi namna ya kugeuza saa za Kiswahili.

Vitambulisho navyo vina mtego wao. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, ilhali namba nzima ya biti 64 inaishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. Katika lugha ya programu ya JavaScript, namba za kawaida huanza kupoteza usahihi zinapopita 9,007,199,254,740,991: tarakimu za mwisho hubadilika kimyakimya, na raia wawili wanaweza kusomeka kama mmoja. Namba ya simu nayo, ikifanywa namba ya hesabu, hupoteza 0 ya mwanzo. Namba ambayo hakuna atakayeijumlisha wala kuigawa ikae kama maandishi.

Kuna pia suala la kasi. Faharasa iliyojengwa juu ya safu ya maandishi kwa kawaida haisaidii pale swali linapoigeuza safu hiyo kuwa tarehe. Hifadhidata hulazimika kupitia mstari kwa mstari. Kwa kumbukumbu za miongo, kusubiri huko si kudogo.

Anayejenga mfumo wa zahanati, shule au ushirika wa wakulima wa mpunga, basi, azibadili data mara moja, zinapoingia, na kila safu aipe aina inayoistahili. Na fomu ya awali aitunze kama ilivyoandikwa, ili mashaka yakitokea pawe na pa kurejea.