Land Rover ya Baba Mkwe na Hela ya Kiwanja

Mwanaume akiwa na nyumba ndogo utamjua. Anachelewa kurudi, anajibu maswali kwa mkato, na Jumamosi haonekani nyumbani. Wangu alikuwa na dalili zote hizo, ila yeye alikuwa anarudi ananukia dizeli.

Ukweli niliupata kwenye mfuko wa shati wakati nafua. Risiti ya mkono, imelowa nusu: injini 3L na gia boksi yake, used, shilingi 4,200,000. Nilikaa chini palepale bafuni. Ile ilikuwa hela ya kiwanja. Miaka miwili tulikuwa tunadunduliza, mimi kutoka mshahara na kikoba, yeye kutoka mshahara na posho za safari, tunaweka akaunti moja ambayo kadi anakaa nayo yeye. Na mimi kama mjinga sikuwahi kuuliza salio.

Jioni nikamwekea risiti mezani, pembeni ya ugali. Akaitazama muda mrefu. "Mke wangu, nilitaka kukufanyia surprise."

Surprise! Siku nne hatukusalimiana.

Gari lenyewe

Nieleze tulikotoka. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliacha Land Rover 109 Series III, lile lefu, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Limebeba mahindi, limebeba maharusi, limebeba wagonjwa wa kijiji kizima kuwaleta mjini Sumbawanga. Injini yake ya dizeli ya lita 2.25 ina nguvu za farasi 60 na ushee tu, na ilipokufa gari likawa banda la kuku nyuma ya nyumba.

Tulipooana tulilitazama tukaota ndoto ya pamoja: tutalifufua, tutaweka kitanda nyuma na jiko dogo la gesi, wikiendi tunatoka. Rukwa ina maporomoko ya Kalambo, zaidi ya mita 200 za maji yanayoanguka mpakani na Zambia, ina Ziwa Tanganyika kule Kasanga, na hoteli unazoweza kumpeleka mpenzi wako huko unazihesabu kwa vidole. Ukiwa na kitanda chako umemaliza kazi. Kwa hiyo ndoto ilikuwa yetu wote. Kilichoniuma ni kwamba aliamua kuiota peke yake na hela yangu.

Kumtembelea mke mwenza

Siku ya tano nikasema ngoja nikamuone huyo mke mwenza. Nikaenda gereji na viatu vyangu vya ofisini. Fundi akanifutia kiti kwa kitambaa kichafu kuliko kiti chenyewe. "Karibu shemeji. Uliza chochote."

Nikauliza. Na nikiri, yule mzee alinijibu vizuri kuliko mume wangu.

Kumbe mwenzangu mwanzoni alitaka Kombi la Volkswagen, yale anayoyaona kwenye picha za Wazungu. Ulaya kuna watu wanachukua Kombi za miaka ya 1980 wanazifunga injini ya TDI ya lita 1.9, inakaa nyuma, imelazwa kiasi cha digrii 50 ili mfuniko wa sakafu ufunge. Ni nzuri sana. "Lakini shemeji," fundi akasema, "nozeli yake ikifa uko Laela, utainunua kwa nani?" Hapo ndipo akamshauri arudi kwenye Land Rover la baba yake na atafute injini ya Toyota.

Kwa nini 3L? Ni dizeli ya lita 2.8, nguvu za farasi 90 hivi, imefungwa kwenye Hiace na Hilux, na spea zake zinapatikana mjini hapa. Pampu yake haina kompyuta. Ukishaipa waya wa kufungulia dizeli na umeme wa plagi za kupashia moto, inawaka. Mume wangu alitamani ile 1KZ yenye turbo na pampu ya elektroniki, ina nguvu zaidi kweli, lakini fundi alikataa. Ile ikichemka silinda hedi hupasuka kirahisi, na waya wake mmoja ukileta utata porini unalala hapohapo.

Kuna jambo jingine ambalo mimi sikulijua. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo zile farasi 90 huku kwetu unabaki na sabini na kitu. Pampu iliyosetiwa Dar es Salaam ikija huku inamwaga dizeli nyingi kuliko hewa, ndiyo yale magari yanayotoa moshi mweusi kama tanuru. Dawa yake ni kupunguza dizeli kwenye pampu.

Kwa kutaja tanuru: Ufipa ni nchi ya chuma tangu zamani. Malungu, matanuru marefu ya udongo ya wazee wetu, yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto, na mengine mabaki yake yapo mpaka leo. Watafiti waliowahoji wahunzi wa Kifipa waliandika kwamba wakati wa kuyeyusha chuma wanaume walijitenga na wake zao, na tanuru jipya lilipambwa kama bibi harusi. Nilipomsimulia mume wangu akacheka. Mimi sikucheka. Yeye alikuwa anapamba injini na mimi nalala peke yangu.

Daftari

Nilimpa masharti. Hela ishatoka, hairudi, sawa. Lakini kuanzia leo kadi ya benki nakaa nayo mimi, na kila boliti inayonunuliwa inaandikwa kwenye daftari langu. Akakubali haraka mno. Nadhani alitegemea nitarudi kwetu.

Daftari likanifundisha kwamba injini ni nusu ya gharama. Yeyote atakayekwambia inaingia moja kwa moja, msomaji, huyo hajawahi kufunga. Maunti zilichomelewa upya kwenye chesisi. Sampu ya oili iligusa eksili ya mbele, ikakatwa na kuundwa upya. Gia boksi ilitoka kwenye Hilux ya 4x4, gia tano, na levo zake hazikutokea kwenye tundu la zamani, sakafu ikatobolewa. Propela shafti zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zilikatwa zikapimwa upya. Mkanda wa taiming tulibadilisha kabla ya kuwasha, maana injini ya mtumba hujui historia yake na mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni.

Hiyo gia ya tano ndiyo iliyonishawishi. Difu za Land Rover hizi ni nzito: shafti inazunguka mara 4.7 ndipo tairi lizunguke mara moja. Na gia boksi ya zamani ya gia nne, ukifika kilomita 70 kwa saa injini inalia kama inachinjwa. Ya tano inaipumzisha, na mnaweza kuongea humo ndani bila kupigiana kelele. Kwa wanandoa hilo si dogo.

Tulipogombana tena ilikuwa kuhusu breki. Yeye anataka rimu mpya. Mimi nikasema gari la mwaka 1979 lenye breki za ngoma magurudumu yote manne, sasa linakimbia kuliko lilivyokusudiwa, na wewe unazungumzia rimu? Sipandi. Nikafunga daftari. Wiki mbili gari limesimama. Fundi akawa upande wangu, akaonyesha kwamba alteneta ya 3L ina pampu ya vakyumu nyuma yake, kwa hiyo tungeweza kufunga busta nzuri. Breki zikafanywa, rimu mpaka leo ni zilezile za chuma.

Na usisahau karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini unatakiwa kukaguliwa na kupeleka taarifa TRA, pamoja na risiti halali ya injini, maana injini ya wizi itakupeleka pabaya wewe, siyo aliyekuuzia. Ile risiti niliyoifua tulilazimika kwenda kuiombea nakala.

Mteremko wa Muze

Safari ya kwanza haikufika popote. Kilomita ishirini, mshale wa joto juu, mvuke kila mahali. Kava linaloizunguka feni lilikuwa limeachwa gereji eti halikuenea, kwa hiyo feni ilikuwa inapuliza hewa ileile ya moto. Tukakaa kando ya barabara masaa mawili tukingoja ipoe, Julai, baridi ya Ufipa ile ya kukata masikio, tumejifunika kitenge kimoja. Hapo ndipo aliponiambia kwa nini hakuniuliza. Alisema aliogopa ningesema hapana, na angelisikia baba yake akiambiwa hapana. Sikumjibu. Lakini nilisogea.

Mtihani wa kweli ulikuwa Muze. Kutoka Ntendo barabara inateremka Lyamba lya Mfipa, ukuta ule wa mlima, mpaka bonde la Rukwa, karibu mita 1,000 chini. Kushuka tulitumia gia ya pili, breki nazigusa kidogokidogo, maana nilikuwa naendesha mimi. Chini joto, maembe, samaki wa kukaanga. Tukalala garini. Kitanda cha mninga, urefu mita mbili kasoro, miguu yake inagusa mlango wa nyuma.

Asubuhi kupanda. Gia ya pili, mara chache ya tatu, mshale wa joto umetulia katikati, moshi kidogo tu. Yeye kimya kabisa pembeni yangu, ameshika daftari.

Tulipofika juu akaniomba nisimame. Akashuka, akafungua boneti, akatazama tu, akafunga. Aliporudi ndani akaandika kitu ukurasa wa mwisho, akanipa. Ni mahesabu: anachonidai kiwanja kila mwezi, kutoka mshahara wake, mpaka shilingi 4,200,000 zitimie.

Mpaka mwezi huu amelipa miezi saba. Imebaki mitano. Kalambo tunaenda Pasaka.