Jeni iliyozimwa si jeni iliyoharibika

Katika Kiswahili, saratani na kansa ni visawe. La kwanza limetoka katika Kiarabu, ambamo pia lina maana ya kaa, yule mnyama wa majini. La pili lina asili ya Kiingereza. Majina hayo hayampi mfasiri taabu. Taabu imo katika vitenzi vinavyoeleza yanayotokea ndani ya seli.

Mkoa wa Mara unatoa mfano mzuri. Kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili ichunguzwe iwapo kupungua kwa malaria kungepunguza limfoma ya Burkitt, maradhi ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, aliyaeleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu huo ulikuwa umeanza kabla ya dawa kugawiwa.

Uvimbe wa maradhi haya huonekana mara nyingi kwenye taya, ingawa asili yake ni chembe nyeupe za damu. Hivyo “saratani ya taya” ni tafsiri yenye kupotosha. Ndani ya seli hizo kwa kawaida huwamo virusi vya Epstein-Barr. Vikundi vya methili hujipachika kwenye DNA ya virusi na kuzizima jeni ambazo protini zake zingetambuliwa na mfumo wa kinga. Huo ndio udhibiti wa kiepijenetiki: mfuatano wa jeni haubadiliki, umefungwa tu usisomwe. Katika maabara, dawa ya azasitidini imewahi kuufungua, na protini zilizofichika zikatengenezwa tena. (Jeni ya MYC ni kisa kingine: kipande chake cha kromosomu ya 8 hukatika na kuhamia kwingine, na hapo “badiliko” ni neno sahihi.)

Basi na iandikwe “jeni imezimwa”, si “imeharibika” wala “imekufa”. Mzazi aliyetoka Bunda au Butiama na kumfikisha mwanawe hospitalini Musoma, akiambiwa kwamba jeni za mtoto zimeharibika, atauliza ubovu umeletwa na ukoo wa nani. Methili hizo zimo katika seli za uvimbe. Hazikurithiwa kwa baba wala kwa mama.

Kingamwili nalo litumiwe kwa uangalifu. Ni jina la aina ya protini, si la mfumo mzima wa kinga. Zinazokwepwa hapa hasa ni seli T. Kwa hiyo sentensi “virusi hukwepa kingamwili” ina kosa la kisayansi, hata kama sarufi yake haina dosari.