Kabla Mtoto Hajaacha Fizikia



Waulize wanafunzi wa sekondari hapa Mikese wanataka kufanya kazi gani, utasikia majibu yaleyale: udaktari, ualimu, jeshi. Ndizo kazi wanazoziona. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam na Morogoro inapita upande wetu, lakini wachache wanafahamu kwamba mbali na dereva wapo mafundi umeme, wa mawasiliano na wa njia, na kwamba kila mmoja alihitaji masomo fulani ili apate chuo.

Kwenye hayo "masomo fulani" ndipo watoto wetu wanapokwama. Chukua utabibu au uuguzi. Mhitimu wa Kidato cha Nne anayeomba stashahada anatakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. (Maarifa ya Biblia tunayapenda, lakini hapa hayahesabiwi, na wazazi wengi hawalijui hilo.) Kwa mtaala uliotumika miaka mingi, mwanafunzi aliruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia anapoingia Kidato cha Tatu. Binti wa miaka 15 anaacha Fizikia kwa sababu rafiki zake wameacha. Anapokuja kuomba uuguzi, anakuta mlango aliufunga mwenyewe bila kujua. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kunawezekana, ila kuna ada, na Fizikia ina mtihani wa vitendo unaohitaji maabara.

Mtaala mpya, ulioanza mwaka 2024, umeleta mkondo wa amali katika baadhi ya shule, kwa hiyo uchaguzi unaanza mapema zaidi.

Ndiyo maana tunashauri utafiti wa fani uanze Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mwanafunzi achague kazi tatu, na kwa kila moja atafute masomo yanayotakiwa, chuo, muda, gharama na waajiri. Mambo ya masomo na vyuo yamo katika miongozo ya udahili ya NACTVET kwa vyuo vya kati na ya TCU kwa vyuo vikuu. Ipo kwenye intaneti. Mwanakamati mmoja mwenye simu nzuri anaweza kuipakua na kutoa nakala za kurasa zinazohusika.

Suala la waajiri halimo humo. Hilo aulizwe mtu aliye kazini. Morogoro tuna bahati: SUA, Mzumbe na VETA Kihonda ziko karibu, na kila Agosti vyuo huweka mabanda kwenye maonesho ya Nane Nane. Watoto wetu huenda huko kutazama ng'ombe na kunywa soda. Wapewe daftari na maswali matano, kisha Jumapili inayofuata, baada ya Misa, wasimulie walichopata wazazi wao wakisikia.

Kwa wafadhili: ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016. Kinachotukwamisha sasa ni nauli ya kwenda mjini, karatasi za nakala, na posho ya mwalimu wa Fizikia kwa likizo ya Desemba. Havipendezi kwenye picha kama madawati, lakini Kidato cha Tatu kinaanza Januari.