Vuli ya Utqiaġvik: Mji ambao hofu hutanda baridi inapochelewa

WAHENGA walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika mji mdogo wa Utqiaġvik, ulio kaskazini kabisa mwa jimbo la Alaska nchini Marekani, dalili za msimu hutafutwa baharini.

Kila ifikapo Septemba, wazee, wawindaji wa nyangumi na wataalamu wa hali ya hewa hujiuliza swali moja: barafu ya bahari iko umbali gani kutoka pwani, na itarejea lini?

Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa. Ndilo huchangia kuamua iwapo familia zitapata nyama ya kutosha kabla ya giza la majira ya baridi, na iwapo nyumba zilizo karibu na ufuo zitanusurika mawimbi.

Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo neno vuli hukumbuka mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Katika nchi za kaskazini ya mbali, neno hilo hilo hutumiwa kwa msimu ulio kati ya majira ya joto na majira ya baridi kali. Huko Utqiaġvik msimu huo ni mfupi, lakini ndio wenye mabadiliko mengi kuliko yote.

Mji usio na barabara

Utqiaġvik ulijulikana rasmi kama Barrow hadi mwaka wa 2016, wakazi walipopiga kura na kuamua, kwa tofauti ya kura sita pekee, kurejesha jina la asili. Sensa ya 2020 ilihesabu takriban watu 4,900, wengi wao wakiwa wa jamii ya Iñupiat, ambayo imeishi katika pwani hiyo kwa karne nyingi.

Mji huo uko kilomita zipatazo 500 kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki, karibu na mahali ambapo Bahari ya Chukchi hukutana na Bahari ya Beaufort. Hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine. Abiria na vyakula husafirishwa kwa ndege, nayo mizigo mizito huletwa na matishari katika kipindi kifupi ambapo barafu imeondoka.

Kwa sababu hiyo, bidhaa za dukani ni ghali mno. Nyama ya nyangumi na ya sili, pamoja na samaki, ndiyo bado msingi wa chakula katika nyumba nyingi.

Kiasi cha mwanga nacho hubadilika kwa kasi ya kushangaza. Katika majira ya joto jua halitui kwa zaidi ya siku 80, hadi mwanzoni mwa Agosti. Kufikia mwishoni mwa Septemba, mchana na usiku hukaribia kulingana. Kuanzia hapo, mchana hupungua kwa takriban dakika tisa kila siku.

Mnamo Novemba 18 au karibu na tarehe hiyo, jua hutua na halionekani tena hadi Januari 22 au 23. Hizo ni siku zipatazo 65 bila macheo.

Kwa hivyo, mtu angetarajia kwamba jua likiondoka, baridi ingeingia papo hapo. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Lakini sasa bahari huingilia kati.

Chungu kilichoepuliwa

Ili kufahamu jambo hili, chukua mfano wa chungu cha maji kilichoepuliwa motoni. Moto umezimwa, lakini maji hayapoi mara moja. Chumba kizima huendelea kupata joto kutoka kwa chungu hicho.

Barafu, kwa kuwa ni nyeupe, hurudisha angani sehemu kubwa ya miale ya jua. Maji ya bahari ni meusi, na hufyonza karibu miale yote. Barafu inapoyeyuka mapema katika majira ya joto, bahari huachwa wazi chini ya jua lisilotua, ikajilimbikizia joto wiki baada ya wiki.

Vuli inapowadia, joto hilo lazima litoke kwanza kabla ya barafu kuanza kuganda. Maji ya chumvi huhitaji kupoa hadi takriban nyuzi 1.8 za Selsiasi chini ya sufuri ndipo yagande. Kabla ya hapo, bahari huipasha hewa joto na kuijaza unyevu. Matokeo yake ni mawingu mazito, ukungu, theluji na halijoto iliyo juu ya ile waliyoizoea wazee.

Utafiti wa kumbukumbu za hali ya hewa za mji huo ulibaini kuwa, kati ya 1979 na 2012, wastani wa halijoto ya Oktoba ulipanda kwa takriban nyuzi 7.2 za Selsiasi. Hakuna mwezi mwingine uliopata ongezeko kubwa kiasi hicho.

Mabadiliko hayo yalikuwa ya ghafla kiasi cha kuihadaa kompyuta. Mnamo Desemba 2017, wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakitayarisha ripoti ya hali ya hewa ya mwezi uliotangulia waligundua kwamba takwimu za Utqiaġvik hazimo. Programu inayochuja makosa ilikuwa imezitupa kando takwimu za mwaka mzima wa 2017 na za miezi ya mwisho ya 2016, kwa kudhani kuwa kipimajoto kimeharibika au kimehamishwa. Kumbe kipimajoto kilikuwa kizima. Kilichokuwa kimebadilika ni hali ya hewa yenyewe.

Nyangumi watatu wa 1988

Kuna tukio ambalo huonyesha jinsi vuli ya zamani ilivyokuwa. Mnamo Oktoba 7, 1988, mwindaji mmoja aliwaona nyangumi watatu wa kijivu wakiwa wamezingirwa na barafu karibu na mji huo. Bahari ilikuwa imeganda kabla hawajaondoka kuelekea kusini.

Wakazi walikata matundu kwa misumeno ya injini ili wanyama hao wapate kupumua. Habari hizo zilienea duniani kote, na Muungano wa Kisovieti ukatuma meli za kuvunja barafu kusaidia, licha ya uhasama wake na Marekani wakati huo. Nyangumi wawili walifunguliwa njia mwishoni mwa mwezi. Yule mdogo zaidi alikuwa ametoweka.

Linganisha na mwaka wa 2019. Wawindaji walitoka na mashua zao kama desturi, wakakuta bahari iko wazi na ina joto lisilo la kawaida, huku nyangumi hawaonekani. Septemba ilipita, Oktoba nayo ikapita. Nyangumi wa kwanza wa vuli hiyo alipatikana Novemba 16, siku chache tu kabla ya jua kutoweka.

Anayewindwa ni nyangumi wa Aktiki mwenye kichwa kikubwa, ambaye katika vuli hupita hapo akitoka maji ya Kanada kuelekea Bahari ya Bering. Uwindaji huo husimamiwa na Tume ya Nyangumi ya Waeskimo wa Alaska, iliyoundwa mwaka wa 1977, na idadi ya wanyama wanaoruhusiwa huwekewa kiwango chini ya taratibu za kimataifa. Nyama haiuzwi kibiashara. Hugawiwa kwa jamii, ikiwemo katika karamu za Novemba na za Krismasi.

Aidha, nyama hiyo huhifadhiwa katika mashimo yaliyochimbwa ndani ya ardhi iliyoganda daima. Ardhi hiyo inapopata joto, baadhi ya mashimo huingia maji na nyama huharibika. Hivyo vuli yenye joto huweza kuiathiri familia mara mbili: katika kuwinda na katika kuhifadhi.

Ngao iliyoondoka

Hatari nyingine ni dhoruba. Vuli ndio msimu wa pepo kali katika bahari hizo. Zamani, dhoruba nyingi zilikuta maji yakiwa tayari yamefunikwa na barafu. Barafu hiyo ilizuia mawimbi kukua, na ile iliyoshikamana na ufuo iliikinga pwani kama ngao.

Bahari inapobaki wazi, upepo hupata eneo refu la kusukuma maji, na kadiri eneo linavyorefuka ndivyo mawimbi yanavyokua. Upepo wa magharibi ndio unaoogopwa zaidi, kwa kuwa huyarundika maji moja kwa moja kwenye pwani.

Wakazi hawajaisahau dhoruba ya Oktoba 3, 1963. Barafu ilikuwa mbali siku hiyo. Upepo ulivuma kwa kasi iliyozidi kilomita 80 kwa saa, na maji yakapanda kwa takriban mita tatu. Nyumba zilibomolewa, maji ya kunywa yakaingiwa na chumvi, na hasara ikazidi dola milioni 3 za wakati huo.

Wakati ule, bahari iliyo wazi kiasi hicho mwezi wa Oktoba ilionekana kuwa bahati mbaya. Katika miaka ya karibuni imekuwa jambo la kawaida.

Utabiri husomwa vipi?

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa mwelekeo wa miezi mitatu, ambao huonyesha uwezekano wa halijoto na mvua au theluji kuwa juu ya kawaida, karibu na kawaida, au chini ya kawaida. Kitengo chake kilichoko Anchorage hufuatilia barafu kwa setilaiti. Kadhalika, wataalamu wa nchi za Aktiki hukutana mara mbili kwa mwaka, Mei na Oktoba, kujadili msimu unaofuata.

Utaratibu huo si mgeni kwetu. Wataalamu wa Pembe ya Afrika nao hukutana kabla ya misimu ya mvua, na hutumia makundi hayo hayo matatu. Nao pia huitazama bahari kwanza, kwani joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki huathiri mvua zetu za vuli.

Hata hivyo, msomaji ajihadhari. Mwelekeo wa msimu hueleza uwezekano tu. Hauwezi kutaja miezi miwili kabla kwamba dhoruba itapiga siku fulani. Tahadhari ya aina hiyo hutolewa siku chache kabla, na hapo ndipo matingatinga hutumwa ufuoni kurundika mchanga na changarawe.

Mnamo 2022, serikali ya Marekani ilitangaza kutenga zaidi ya dola milioni 360 za mradi wa kuikinga pwani ya mji huo, katika eneo la takriban kilomita nane. Ukuta huweza kuzuia mawimbi. Lakini hauwezi kumwita nyangumi, wala kuligandisha shimo la nyama.

Ndiyo maana mkazi wa Utqiaġvik asomapo kwamba vuli inatarajiwa kuwa na joto kuliko kawaida, hafurahii kuepushwa na baridi. Hukagua mashua, akatazama upepo unatoka wapi, kisha akaitazama bahari tena.