Aliyekuita shimoni atakulipa nini?

Sisi watu wa Kayna tunajua kazi ya shimo. Mwenye shimo akikuita ushuke, kwanza munapatana juu ya mgawo. Ukichimba bila mapatano, siku dhahabu inaonekana njo siku ya magomvi. Mambo ya vita iko vile vile.

Mu mwaka 1892, Dola ya Congo ya mfalme Léopold II ilikuwa na nguvu kidogo huku mashariki. Kule Maniema waliotawala ni Waarabu na Waswahili wa Nyangwe na Kasongo. Maofisa Wazungu walikuwa wachache. Basi wakapatana na Gongo Lutete, mkubwa wa Ngandu, ambaye zamani alipigana upande wa Tippu Tip. Watu wake maelfu wakaenda vitani pamoja na Dhanis. Nyangwe ikaanguka mu mwezi wa 3, 1893, na Kasongo mu mwezi wa 4.

Na malipo? Tarehe 15/9/1893, maofisa wa Dola walimhukumu kuwa msaliti, wakamuua kwa risasi kule Ngandu. Dhanis alituma mtu kuzuia, lakini alichelewa.

Wengi wa askari wake waliingizwa mu Force Publique. Mu 1895 wakaasi kule Luluabourg: hawakusahau kifo cha mkubwa wao, na viboko viliwachosha. Mu 1897 maasi mengine yakalipuka mu safari ya Dhanis, na vita ikaendelea miaka mingi mashariki.

Kwa nini tunarudia habari ya zamani? Tarehe 8/5/2023 inchi yetu ilipata sheria ya kuunda reserve ya ulinzi. Wazalendo wanapigana upande wa FARDC, na kati yao wako watoto wetu. Mwisho wa mwezi wa 6, 2024, vita ilipita Kanyabayonga ikatufikia hapa Kayna, wengi tukakimbilia Lubero na Butembo.

Tunauliza basi: nani anaandika majina yao? Mjane ataenda kudai ku ofisi gani? Mwenye kukosea atahukumiwa na nani? Juu mwenye bunduki asiyelipwa na Serikali atajilipa barabarani, ku bariyeri, na sisi wenye kubeba mfuko njo tutalipa.

Mapatano yafanywe sasa, mbele ya watu. Kule Ngandu mjumbe alifika, lakini alikuta kaburi.