Usanisi wa Protini na Usugu wa Kimelea cha Malaria dhidi ya SP: Mfano wa Wilaya ya Korogwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna seli inavyounda protini kwa kufuata maelekezo ya jeni. Mfano unaotumika ni kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, katika Wilaya ya Korogwe ilimo Magoma. Hoja inayojengwa ni kwamba usugu wa kimelea dhidi ya SP hausababishwi na hitilafu katika usanisi wa protini. Seli husoma kwa usahihi maelekezo ambayo yenyewe yamebadilika.

2.0 Kutoka Jeni hadi Protini

Maelekezo ya jeni huhifadhiwa katika DNA kwa besi nne: A, T, G na C. Hatua ya kwanza ni unukuzi. Ndani ya kiini cha seli hutengenezwa nakala ya jeni, yaani RNA mjumbe, ambamo U huchukua nafasi ya T. Nakala hiyo hutoka kiini na kufika kwenye ribosomu, ambako hatua ya pili, ufasiri, hufanyika. Ribosomu husoma besi tatu kwa pamoja, na kila utatu huitwa kodoni. Kodoni zipo 64: 61 huwakilisha asidi amino 20, na 3 huamuru usanisi ukome. RNA chukuzi huleta asidi amino inayolingana na kila kodoni, nayo huunganishwa na zilizotangulia. Mnyororo unaopatikana hujikunja, na umbo lake ndilo huamua kazi ya protini.

3.0 Kodoni ya 581

Kimelea hujitengenezea folati inayohitajika katika kuunda DNA mpya. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya cha DHPS. Sulfadoksini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika SP, hufanana na malighafi ya kimeng'enya hicho, hivyo huishika nafasi yake na kukwamisha kazi. Katika kodoni ya 581, GCG inapogeuka kuwa GGG, ribosomu huweka glisini badala ya alanini. Kutokana na badiliko hilo, dawa hushikwa kwa udhaifu ilhali malighafi halisi huendelea kutumika. Athari huwa kubwa zaidi pale badiliko hilo linapoambatana na yale ya kodoni za 437 na 540, pamoja na ya jeni ya dhfr inayohusiana na pirimethamini, dawa ya pili katika SP.

Ufuatiliaji uliofanyika Korogwe kati ya 2003 na 2007 ulibaini kuongezeka kwa badiliko la 581. Kipindi hicho SP ilikuwa imetumika sana: Tanzania iliifanya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kisha ikapitisha ALu mwaka 2006. Dawa iliviua vimelea visivyo na badiliko, na vilivyosalia vikarithisha kodoni mpya.

4.0 Hitimisho

SP ingali inatolewa kliniki ili kuwakinga wajawazito. Kwa hiyo, badiliko la besi moja linagusa moja kwa moja usalama wa mama na mtoto aliye tumboni. Kuzisoma kodoni hizi mara kwa mara ni njia ya kutambua kudhoofika kwa kinga hiyo mapema.